Mama kaambiwa apigwe sindano ya mgongo "ituambie mwizi ni nani", hii ndo sindano gani?

BintiWete

Asalaam alaykum wana jukwaa. Nipo Wete, naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani kila mtu keshakuwa daktari na mie ndo nnaetakiwa niamue.

Mama ana miaka 58, sukari anayo mwaka wa tisa huu, anatumia vidonge. Tangu mfungo mosi anaumwa na kiuno upande wa kushoto, mwanzo tukajua ni kazi za Ramadhani na Sikukuu, kuinama jikoni na kufua mapazia, tukamchua na mafuta tukasema itapita. Haikupita. Maumivu yakashuka kwenye tako, yakateremka ubavu wa paja, nje ya mguu, mpaka juu ya unyayo na kidole gumba kinakufa ganzi. Sasa ni mwezi wa tano anaumwa, kiuno chenyewe kimepoa kidogo, mguu ndo unaomliza. Akipiga chafya anasema kama kashika waya wa umeme. Anasali kwenye kiti, na yeye ni mtu wa sunna za usiku, hilo linamuuma kuliko huo mguu.

Huku Pemba tulipewa vidonge vya maumivu na mazoezi, eksirei ikasema pingili zimesagika. Tukavuka mpaka Dar kwa MRI, ile picha ya sumaku inayoonesha ndani ya mgongo, ikaonekana diski ya L4/L5, yaani ile iliopo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, imetokeza inabana neva. Daktari hakutaja opereshen. Kasema tuanze na sindano ya mgongo, itampunguzia maumivu na "itatuambia pia kama mwizi ni huyu kweli". Nikaitikia tu kama nimefahamu, nimetoka nje ndo najiuliza sindano inamwambiaje mtu?

Shangazi anasema sindano za mgongo zinapoozesha. Jirani anasema tangu apigwe ya opereshen ya uzazi mgongo wake haujawa sawa mpaka leo. Ami anasema huo ni mshipa tu. Kuna mtu kapigwa hii akaona kitu?

pweza_mkavu

Wa alaykum salaam. Dada usimpeleke mtu mzima kupigwa masindano ya uti, mpeleke akapigwe chuku. Mie mwaka juzi kiuno kilinikamata natia nanga, siku kumi nalala sakafuni, chuku mara mbili tu nikarudi baharini. Shauri yenu.

nesi_mstaafu

Binti yangu mpe pole mama. Pweza kama chuku ilikufaa alhamdulillah, ila kiuno cha siku kumi aghlabu hupoa chenyewe hata ungepakwa uji. Na huyu mama ana sukari, kuchanjwa ngozi kwake si mchezo, kidonda cha mtu wa sukari tunakijua.

Sasa hapo nyumbani kwenu mnachanganya sindano tatu ambazo hazina udugu. Chukulia uti wa mgongo ni kisu ndani ya ala. Sindano ya opereshen ya uzazi inatoboa ala, inatia ganzi ndani kwenye yale maji, mtu anakufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini kwa saa kadhaa. Ya pili ni ile ya kutoa maji ya mgongo, tunawapiga watu wenye homa ya uti tunayapeleka maabara, nayo inatoboa ala. Hii alotajiwa mama inaitwa epidurali, dawa inawekwa NJE ya ala, karibu na pale neva inapochomoza kwenda mguuni. Ala haitakiwi kutobolewa, ikitobolewa kwa bahati mbaya mtu anapata kichwa kikali akikaa, akilala kinapoa, na mara nyingi kinaisha kwa siku kadhaa.

Na huyo shangazi mwambie hivi, uti wenyewe haufiki kiunoni chini. Kwa mtu mzima unaishia kwenye pingili ya L1 au L2 hivi, kutoka hapo kwenda chini ni neva tu zimening'inia kama mkia wa farasi na ndo jina zilopewa na madaktari. Tatizo la mama lipo L4/L5, sindano inaingia chini ya pale uti ulipokoma. Sisemi haina hatari, sindano yoyote ina hatari, nasema ile picha ya sindano kuchoma uti wa kiunoni katikati sivyo ilivyo.

Kuhusu kuambiwa mwizi nani, ndani ya hiyo sindano kuna dawa mbili. Moja ya ganzi, inafanya kazi pale pale, nusu saa unajua. Ya pili steroidi, ya kutuliza uvimbe wa neva, hiyo inachukua siku mbili tatu mpaka wiki. Ile ya ganzi ndo mpelelezi. Daktari akiiweka kwenye neva moja tu anayoitilia shaka na mguu ukanyamaza ndani ya saa hiyo, keshajua neva ni hiyo. Mguu usiponyamaza na picha inaonesha dawa imefika, basi picha ya MRI imemsingizia mtu. Alivyoeleza binti, tako, nje ya mguu, kidole gumba, ndo njia ya neva ya L5 na diski ya L4/L5 ndo huibana hiyo, kwa hiyo wanavyoshuku panaingia akilini.

Watu wengi hawaelezwi haya kwa hivo usiku wa kwanza ganzi ikiisha maumivu yanarudi vile vile wanapiga simu wanalia wametapeliwa. Hawajatapeliwa, mpelelezi kaondoka na mwenye dawa hajafika.

fundi_wa_milango

Mie nimepigwa, tena mara nne, ngoja nieleze kwa urefu maana kisa changu ni cha hiyo sindano ya kuuliza hasa.

Mie ni seremala, Unguja, miaka ishirini naranda mbao nimeinama. Mgongo wangu haukushuka mguuni kama wa mama yako, ulikaa hapa hapa kiunoni kulia, nikiinuka kwenye kiti taabu, nikijipinda nyuma ndo kabisa. Nikapiga MRI, ikasema diski mbili mbovu. Kila daktari alotazama ile karatasi alisema diski. Mwaka na nusu natibiwa diski, na nimekula vidonge mpaka tumbo likachafuka. Mwisho ndugu wakachanga nikaenda India, hospitali siitaji wala sina ubaya nayo.

Kule yule mzee hakutazama karatasi kwanza, kanilaza kanibonyeza kanipindisha, ndo akatazama picha akacheka. Kaniambia ukimpiga MRI kila mtu wa umri wako humu barabarani ambae hana maumivu hata chembe utakuta wengi wao wana diski kama zako. Picha inaonesha kilichochakaa, haioneshi kinachouma. Akasema ana watuhumiwa watatu, diski, kile kiungo kinachounga nyonga na mfupa wa chini ya mgongo, na vile viungo vidogo vya nyuma ya pingili vinaitwa faseti, na njia ya kuwajua ni kuwatia ganzi mmoja mmoja.

Asubuhi ya sindano akanikataza vidonge vya maumivu. Hapa muwe makini, nusura nimeze kwa mazoea. Lazima uende unaumwa, usipoumwa siku ile hakuna cha kupima. Akakataa pia kunipa dawa ya usingizi, akasema ukisinzia majibu yako hayana thamani. Nikalala kifudifudi mto chini ya tumbo, wakaosha mgongo na ile dawa ya baridi, ganzi ya ngozi inachoma kama nyuki, alafu kuna mashine ya eksirei mfano wa herufi C inazunguka juu yako sindano inaingia kidogo wanatazama, inaingia kidogo wanatazama. Wanatia na dawa ya rangi waone inaenda wapi. Dakika ishirini hivi.

Ya kwanza kwenye kiungo cha nyonga. Nikapewa karatasi, kila nusu saa andika maumivu kutoka sifuri mpaka kumi, na siyo ukae kitandani, fanya kile kinachokuumiza. Nikapanda ngazi za hospitali, nikainama, nikakaa kiti cha chini nikainuka. Saba, saba, saba, sita, saba. Nikasikitika pesa ya watu imekwenda. Yule mzee kafurahi kabisa, kasema umenipunguzia mtuhumiwa mmoja.

Ya pili kwenye vineva vya faseti, dawa kidogo mno, nusu mililita kila pahala, nikamuuliza mbona unanibania, akasema nikitia nyingi itatapakaa kwa majirani alafu sitojua nani kanijibu. Hapo ndugu zangu nikaandika nane, moja, moja, sifuri. Nililia ngazini. Saa tatu baadae yakarudi. Nikadhani ndo wataniamini sasa, kumbe hapana, baada ya wiki mbili wakarudia pale pale kwa dawa nyengine ya ganzi inayokaa zaidi, wasiniambie ipi ni ipi. Maana mtu akitamani kupona mwili wake unaweza kumdanganya mara moja. Lidokaini hukaa muda mfupi, bupivakaini muda mrefu, kama maumivu yanaondoka kwa muda unaolingana na dawa mara zote mbili basi siyo matamanio. Mara ya pili nikapata nafuu ya saa saba.

Ndo wakanifanyia ya mwisho, siyo dawa tena, wanavichoma vile vineva kwa joto la nyuzi 80 hivi kwa dakika moja na nusu. Wiki mbili za mwanzo kiuno kikawaka kuliko mwanzo, alafu kikanyamaza miezi kumi na moja. Vineva huota tena kwa hivo kimeanza kunong'ona sasa. Ila mie ile sindano ilofeli ndo ilonifaa kuliko zote, bila yake ningekuwa mpaka leo natibiwa kitu sicho.

mtu_wa_ngambo

Nipo Uingereza, nasoma haya kwa hamu ila naomba nitie maji kidogo msije mkaiona sindano ni zamzam.

Huku mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi inayowaandikia madaktari wa huku miongozo ya tiba, unasema wazi, kiuno kinachouma bila kushuka mguuni USIPIGE sindano za mgongo kama tiba. Epidurali wanairuhusu kwa maumivu makali ya neva ya mguu na tena wakati bado ni mapya. Na kwa wazee ambao njia ya uti imebana wanasema usitumie. Mwaka 2014 Marekani walichukua watu 400 wenye hiyo njia ilobana, nusu wakapewa steroidi na ganzi, nusu ganzi peke yake, wiki ya sita tofauti ya maana hamna. Na 2025 jarida la madaktari la BMJ limetoa mwongozo unakataa kabisa hizi sindano kwa maumivu ya mgongo yaliozidi miezi mitatu, hata hiyo ya kuchoma neva ya fundi, na madaktari wa sindano wamekuja juu wanasema wamechanganya wagonjwa wa kila namna kwenye kapu moja. Ugomvi haujesha.

Hatari nazo zipo, chache lakini kubwa. 2012 Marekani steroidi za mgongo zilitengenezwa pahala pachafu zikaingia fangasi, zaidi ya watu 700 wakaugua na zaidi ya 60 wakafariki. 2014 mamlaka yao ya dawa ikataka iandikwe onyo la kupooza na kiharusi kwenye steroidi zinazopigwa hapo.

Hilo la MRI fundi kasema kweli, kuna hesabu ilotolewa 2015 ya watu wasioumwa kabisa, wa miaka 20 asilimia 37 diski zimechakaa, wa miaka 80 asilimia 96.

Dada diski nyingi zilotokeza hupungua zenyewe, mwili unazila. Mie ningesubiri.

nesi_mstaafu

Mwanangu wa ng'ambo umesema kweli tupu, na mie sindano siuzi. Ila huyo mama si kiuno tu, ni mguu, na kasubiri mwezi wa tano huu halali usiku. Subira ya wiki sita mpaka kumi na mbili ndo tunayowaambia watu, keshaimaliza na zaidi. Hiyo miezi mitano inapunguza matumaini ya steroidi kweli, neva ilokaa na uvimbe muda mrefu haisikii haraka. Lakini swali la pili la daktari lipo pale pale, ni L5 au siyo? Kama mwisho wake ni opereshen bora wajue kabla ya kukata.

Sindano haimrudishi diski ndani, hilo lieleweke. Inamnunulia mama muda wa kulala na kufanya mazoezi wakati mwili unafanya kazi yake. Akipata wiki kadhaa au miezi miwili mitatu nzuri tushukuru. Asipopata kitu hata saa moja asikubali kurudiwa mara tatu kwa mazoea, aulize kwanza ya mwanzo ilijibu nini.

BintiWete

Jamani ahsanteni, nimemsomea mama yote, ya fundi kusikia alilia ngazini na yeye kalia. Nina maswali. Sukari itakuwaje? Anameza na aspirini ndogo ya moyo. Na siku walotupa ni Alkhamisi, na yeye anafunga Jumatatu na Alkhamisi, anauliza sindano itamfunguza? Na kuna dalili gani niziogope?

nesi_mstaafu

Sukari itapanda, hilo msishtuke. Steroidi inapandisha kuanzia siku ya kwanza, siku kadhaa, wengine wiki nzima. Pima asubuhi na jioni andika. Waambieni kabla kwamba ana sukari na ipo ngapi, ikiwa ipo juu sana siku ile wakiahirisha msigombane nao. Anaweza uso kuwa mwekundu wa moto na usingizi kupotea usiku mmoja miwili, hiyo ni steroidi, inapita.

Aspirini mwulizeni daktari mwenyewe, msiache wala msiendelee kwa kusikia jukwaani. Wanaoogopwa zaidi ni wanaotumia warfarini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, maana damu ikivuja pale ndani haina pa kwenda inakandamiza neva. Ulizeni pia kama wanatumia mashine ya picha, wakisema wanapiga kwa kupapasa kwa mkono tu basi jibu la "mwizi nani" halipo, dawa haijulikani imefika wapi. Na ulizeni steroidi ipi. Deksamethasoni haina chembechembe, kwenye njia ya ubavuni pale neva inapotokea wengi wanaipenda kwa usalama.

Saumu, mashekhe wengi wanasema sindano ya dawa isiyo ya lishe haifunguzi. Ila mie namwambia mama asifunge siku hiyo, sunna itangoja, mtu wa sukari na wasiwasi na safari sitaki aanguke.

Ya kuogopa: homa, mgongo kuuma upya kwa nguvu, mguu kuzidi kulegea badala ya kupata nguvu, na hasa mkojo kukataa kutoka au haja kutoka bila kujijua au ganzi katikati ya mapaja pale pa kukalia. Hiyo ya mwisho hata kabla ya sindano, hata leo usiku, ni kukimbilia hospitali, ule mkia wa farasi unabanwa na hausubiri asubuhi. Saa chache baada ya sindano mguu unaweza kuwa mzito, asitembee peke yake chooni.

Nimesahau, mlimuuliza kama amekonda au anatoka jasho usiku? Kifua kikuu cha mgongo kwetu kipo na steroidi inaweza kukizidisha.

BintiWete

Hajakonda, kanenepa 😅 jasho hana. Shukran sana Bi Nesi.

pweza_mkavu

Haya nimeshindwa. Ila chuku ilinifaa.

fundi_wa_milango

Dada jengine dogo. Usimrudishe siku ile ile, lala Dar usiku mmoja au mbili kwa jamaa. Na daftari mwekee wewe, yeye atakwambia tu alhamdulillah sijambo, mama zetu ndo walivyo. Mwulize mguu tu, siyo hali yake, na umfanye apige rakaa mbili na kusujudu chini ile saa ganzi bado ipo, uandike nambari.

BintiWete

Hapo kwenye sujudu kasema hata kama ni ya saa tatu tu anaitaka. Boti je, tukae wapi? Mwezi huu kusi inavuma mkondo wa Pemba unarusha.

fundi_wa_milango

Chini, katikati kuelekea nyuma. Mbele inapiga, juu inayumba. Chukua mto wa nyumbani umwekee kiunoni, na kila nusu saa asimame ashike kiti, asikae moja kwa moja mpaka Unguja.

nesi_mstaafu

Na vidonge vya maumivu vya safari ameze siku ya kwenda, asubuhi ya sindano msimpe. Andika kwenye mkono.